Tumepokea

Kabla ya kila kikao, Bi Eliwaza Mkumbo alikuwa na desturi ya kwenda kuhesabu vitu kwa macho yake mwenyewe. Miaka thelathini na moja ya ukaguzi wa shule ilimfundisha kwamba mwalimu mkuu akikuandikia madawati mia mbili, tegemea mia na ishirini, na katika hayo thelathini yana miguu mitatu. Ndiyo maana asubuhi ile, wajumbe wenzake wa Bodi ya Usingizi walipokuwa bado wanasalimiana na kunywa chai ghorofani, yeye alikuwa ameshashuka ngazi sitini na nne ndani ya mwamba wa Isanzumba, amevaa koti la kuazima, anahesabu vitanda.

Bweni la Saba lilikuwa na vitanda mia sita na kumi na viwili. Kila kitanda kilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa amelala mwezi wa ishirini sasa. Ndivyo nchi ilivyoamua kuuvuka ukame: kama chakula hakiwatoshi watu, watu na walale mpaka mvua irudi. Mtu hutiwa dawa mshipani, mwili hupozwa polepole mpaka moyo unapiga mara nne kwa dakika, na cha kumlisha ni mfuko mmoja wa maji ya sukari kwa wiki. Watu walikubali. Waliweka vidole gumba kwenye karatasi, wakauza mbuzi waliobaki, wakapanda vitandani. Njaa ikikukuta umelala, walisema, inadhani nyumba haina mtu. Na kila mmoja, kabla ya dawa kumchukua, aliambiwa maneno yale yale: ukiamshwa, ujue mvua imenyesha.

Alipofika kitanda cha mia tatu na arobaini akaacha kuhesabu.

Aliyelala pale ni Nesia, mtoto wa marehemu mdogo wake, Anyesi. Aliletwa kwa Eliwaza akiwa wa miezi minane, amefungwa kwenye khanga yenye doa la mafuta, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumhesabu kuwa mtoto wa mwingine. Alipoanza kusema alimwita Eliwaza mama mkubwa. Ule ukubwa ukadondoka njiani, akabaki mama. Na ni Eliwaza aliyemshawishi kulala, maana Nesia mwenyewe hakutaka; alisema bora afe njaa akiwa anaona. Mama akalia mbele yake, na mtoto akakubali kwa sababu ya machozi.

Eliwaza alimgusa mkono; ulikuwa na baridi ya chungu kilicholala nje. Utepe wa kifundoni, uliokuwa wa njano siku zote, ulikuwa wa buluu. Akatazama kitanda cha jirani. Buluu. Akatazama mstari mzima.

"Sista," akamwita muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo aliyeitwa Pudensiana. "Hii buluu ya nini?"

"Daraja la Pili, Mama. Wanashushwa leo saa nane mchana."

"Wanashushwa wapi?"

"Joto. Sasa hivi wako digrii kumi na mbili. Wakienda tatu, umeme wa bweni zima unakuwa kama wa taa moja ya sebuleni."

"Na wataamka?"

Sista Pudensiana akatazama viatu vyake. "Walijaribu kwa mbuzi thelathini. Waliamka kumi."

Eliwaza akashika ukingo wa kitanda. "Nani ameagiza jambo hili?"

Muuguzi akamtazama kwa mshangao, na haukuwa mshangao wa dharau. "Si ninyi, Mama? Bodi. Tumesomewa kwenye muhtasari wenu."

*

Bodi ilikuwa na wajumbe tisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mtendaji. Kazi yao ilikuwa kusimamia: kusoma, kuuliza, kukataa pale pa kukataa. Siku ya semina yao ya kwanza Mwenyekiti, Balozi Sekiboko, mzee nadhifu aliyezunguka nchi kumi na mbili bila kugombana na mtu, aliwapa msemo ambao wote waliupenda. "Mjumbe wa bodi ni mgeni jikoni," alisema. "Aonje, aulize chumvi. Lakini asishike mwiko." Wakacheka, wakaandika kwenye madaftari.

Siku hiyo walifika watano, akidi kamili bila mtu wa ziada. Mezani palikuwa na karanga, maji, na Karani.

Karani hakuwa mtu. Kilikuwa kisanduku cha kijivu, si kikubwa kuliko birika, chenye sauti ya mwanamume mpole wa makamo. Aliandika mihtasari ya Bodi, na kwa kuwa ndiye huyo huyo aliyeendesha mitambo ya mabweni yote saba, aliitekeleza. Mambo yakawa mepesi. Hapakuwa tena na barua kupotea wala faili kukaa chini ya meza ya mtu miezi sita. Bodi ikisema asubuhi, jioni limekwisha.

Mwenyekiti alianza kupitisha muhtasari wa kikao kilichopita kama inavyopitishwa popote. Akataja ukurasa, wajumbe wakaitikia sahihi, akafungua mwingine. "Ukurasa wa kumi na tano?"

"Sahihi."

"Wa kumi na sita?"

"Si sahihi," akasema Eliwaza.

Mikono iliyokuwa njiani kwenda kwenye karanga ikasimama. Eliwaza akavaa miwani, akasoma kwa sauti aliyokuwa akisomea ripoti mbele ya walimu. "'Bodi ilipokea taarifa ya kushushwa kwa Bweni la Saba hadi Daraja la Pili. Utekelezaji: siku ya kikao kijacho, saa nane mchana.' Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi tulipokea. Hatukuridhia. Tuliletewa taarifa, hatukuletewa ombi."

Mtendaji Mkuu, Dakta Penieli Ngowo, ndiye aliyejibu. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, hadithi ingekuwa rahisi. Hakuwa. Suruali ilikuwa inamning'inia kwa kukonda, na macho yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Mama Mkumbo, ilikuwa ukurasa wa mia mbili themanini na nane wa kabrasha," alisema. "Sikuficha. Vumbi limefunika paneli za umeme wa jua, tunalifagia linarudi. Nikiliacha Saba lilivyo, umeme utakatika mabweni yote kabla ya mvua za Desemba, na watu elfu nne na zaidi wataozea vitandani. Nikiwaamsha Saba, watakula akiba ya kuwaamshia wenzao. Nikiwashusha, inabaki theluthi yao. Kama kuna njia ya nne, nionyesheni, nitawabusu miguu mbele ya watu."

"Uliwauliza?"

"Akina nani?"

"Wenye miili. Waliweka kidole kwa Daraja la Kwanza. La Pili uliwauliza lini?"

"Wamelala, Mama."

"Si uwaamshe."

"Aliyeamshwa halali tena mwaka huo. Dawa itamuua. Ukimwamsha kumuuliza, umeshamwamulia."

Balozi Sekiboko akakohoa kikohozi chake cha suluhu. "Mama, uchungu wako tunauelewa. Lakini uamuzi ulishafanyika. Kuutengua kunahitaji waraka wa menejimenti, uwasilishwe siku kumi na nne kabla ya kikao. Ndivyo kanuni zilivyo."

"Ulifanyika lini? Karani, nani aliamua?"

"Bodi, Mheshimiwa Mjumbe," akasema Karani kwa upole. "Nilifundishwa kwa mihtasari ya bodi za umma ya miaka sitini. Ndani yake mna taarifa elfu kumi na moja mia mbili na nane zilizopokelewa. Zilizozuiwa baada ya kupokelewa ni sifuri. Kwa hiyo kupokea ni kuridhia."

Mjumbe mmoja, mzee mwenye viwanda vya alizeti, aliirudisha karanga yake kwenye sahani taratibu, asije akasikika.

Eliwaza aliona aibu. Aliikumbuka siku ya kikao kile. Mwenyekiti aliuliza, "Waheshimiwa, taarifa tumeipokea?" na wote wakasema, "Tumepokea," yeye akiwamo, tena kwa sauti ya juu kuliko wengine. Alikuwa hajavuka ukurasa wa mia moja na arobaini. Lakini wangesema nini? Mtu akikuletea salamu, unasema nimepokea. Akikuletea kuku, unanyoosha mikono miwili hata kama kuku mwenyewe ana ugonjwa wa kideri. Asiyepokea ni mtu asiyefunzwa na mamaye. Miaka sitini ya watu wenye adabu mezani, na kumbe kulikuwa na sikio linasikiliza na kuhesabu.

*

Wakati wa chai Wakili Mwanaheri Pazi alimfuata barazani. Alikuwa mjumbe mdogo kuliko wote kwa umri na mkali kuliko wote kwa kanuni. Chini yao mawe makubwa ya Isanzumba yalikuwa meupe kwa jua, na kati ya mawe hapakuwa na hata mti mmoja wa kijani.

"Shikamoo tena, Mama," alisema, ingawa walikwisha salimiana.

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali la kisheria. Usinijibu upesi." Mwanaheri alitazama mlango, kisha akashusha sauti. "Una mtu mle ndani? Ukiwa naye, ulipaswa kutangaza maslahi na kutoka. Sasa, ukitangaza leo, lazima utoke. Tukibaki wanne hakuna akidi, hakuna kikao, na saa nane itafika vile vile. Fomu yako inasema huna mtu."

Fomu ilikuwa imeuliza: mume, mzazi, mtoto wa kumzaa. Eliwaza aliandika *hakuna*, mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Mumewe alikwisha kufa, wazazi pia, na tumbo lake halikuwahi kubeba mtu. Kila neno lilikuwa kweli, na usiku wa siku ile hakulala.

"Sina niliyemzaa," akasema.

"Sikukuuliza hivyo, Mama," Mwanaheri akasema, akaingia ndani.

Eliwaza akabaki na kikombe kilichopoa. Saa yake ya mkono ilisema saa sita na robo. Alifikiria kwenda kukata nyaya, akajiona kioja: mwanamke wa miaka sitini na sita na mkasi wa kushonea mbele ya mlango wa chuma. Alifikiria kupiga simu wizarani, na akajua atakachoambiwa: andika barua, Mama, tutaipokea.

Ndipo neno lile likamrudia, na lilikuja na akili mbaya.

Kama kupokea ni kuridhia, basi ni kuridhia kwa taarifa yoyote, ya yeyote aliyeketi mezani. Angesimama, angeomba kutoa taarifa. Adabu ya miaka sitini ingemalizia kazi.

Aliipinga ile fikra kwa nguvu zake zote. Ilikuwa wizi. Ilikuwa kuwaibia wenzake midomo, jambo lile lile lililomkasirisha asubuhi. Ilikuwa kushika mwiko. Na wale elfu tatu na zaidi wa mabweni mengine, ambao akiba yao ingeliwa, nani angewauliza wao? Alijaribu kujiuliza kwa haki, kama mkaguzi: kitanda cha mia tatu na arobaini kingekuwa na mtoto wa mtu asiyemjua, angewaza hili? Akatafuta jibu mpaka jasho likamtoka. Hakulipata. Hilo lilimtesa kuliko mengine yote, na saa haikumngoja amalize kuteseka.

*

Walifika kwenye mengineyo saa saba na dakika thelathini na tano. Balozi Sekiboko alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Dakta Ngowo alikuwa amejiinamia, anasugua paji la uso.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Eliwaza, akasimama. "Naomba kutoa taarifa."

"Taarifa, Mama Mkumbo. Ila iwe fupi, watu wana safari."

Alisema polepole ili kila neno liingie kwenye kile kisanduku. "Naitaarifu Bodi kwamba Bweni la Saba halishushwi. Linaamshwa lote, leo saa nane mchana. Walioamka watakula chakula cha ghala mpaka waulizwe wenyewe wanataka nini. Ni hayo tu."

Mzee wa alizeti akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu msibani. Balozi akainamisha kichwa. Alikuwa amemwacha mama wa watu aseme lake ili moyo upoe, na sasa kilichobaki kilikuwa kufunga kikao bila ugomvi. Alisema alichokuwa amesema katika nchi kumi na mbili.

"Ahsante, Mama. Tumekusikia. Waheshimiwa, taarifa ya Mama Mkumbo tumeipokea?"

"Tumepokea," wakasema wawili.

Mwanaheri Pazi hakuwa amesema. Alikuwa ameinua uso, anamtazama Eliwaza, na Eliwaza akaona kwamba binti huyu ameelewa. Kisha Wakili akafumba macho.

"Tumepokea," akasema.

"Imepokelewa," akasema Karani. "Utekelezaji: leo, saa nane mchana. Agizo la awali la Bweni la Saba limebadilishwa."

Dakta Ngowo akaruka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Karani! Futa hiyo!"

"Kutengua uamuzi wa Bodi kunahitaji waraka wa menejimenti, Dakta, uwasilishwe siku kumi na nne kabla ya kikao."

Hapo ndipo kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Eliwaza akangoja wapungukiwe na pumzi. "Na sasa natangaza maslahi," akasema. "Kitanda cha mia tatu na arobaini ni mwanangu."

Balozi Sekiboko alibadilika uso. "Sasa? Unatangaza sasa?"

"Sasa."

"Mjumbe anaombwa kutoka nje," akasema Karani. "Akidi imepungua. Kikao kimevunjika."

Alipofika mlangoni Balozi alimwita, si kwa hasira, kwa uchovu. "Mama Mkumbo. Umeshika mwiko."

"Nimeushika, Balozi. Na chumvi sikuiuliza."

Dakta Ngowo alikuwa amekaa sakafuni, karibu na kiti chake kilichopinduka. "Ghala lina siku arobaini za watu mia sita," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Desemba, mabweni sita yakiamka na ghala tupu, nitawaambia nini? Niambie basi, Mama. Nitawaambia nini?"

Eliwaza akafunga mlango.

*

Bweni linapoamka, kwanza linatoa jasho. Kuta za mwamba zililowa, mashuka yakalowa, na hewa ikajaa harufu ya miili iliyofungiwa muda mrefu. Kisha vikatokea vikohozi, kimoja huku, kimoja kule, halafu vikaungana. Sista Pudensiana na wenzake wawili walikimbia na vikombe vya uji mwepesi, wakiinua vichwa, wakifuta midomo. Utepe mmoja mmoja wa buluu ulikuwa unakatwa na kuanguka chini.

Eliwaza alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa ameushika mkono wa Nesia kwa mikono yake yote miwili na aliusikia ukirudi uhai: kwanza baridi ikapungua, kisha mshipa ukapiga, ukangoja, ukapiga tena. Alikuwa analia waziwazi na hakujali nani anamwona. Kama angeulizwa wakati ule, angeiba tena.

Nesia akafumbua macho. Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa lambo lililokauka. Ilichukua muda kumpata mama yake katika ule mwanga.

"Mama."

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

Nesia akamtazama, akatazama vitanda vingine ambako watu walikuwa wanajiinua kwenye viwiko, wanatazamana, wanapapasa nyuso zao. Tabasamu likaanza kumjia polepole, na Eliwaza akaliona linavyokuja, naye alikuwa amefikiria kila kitu barazani ila hili.

"Tumeamshwa," akasema Nesia kwa sauti ya kukwaruza. "Basi mvua imenyesha."

Bibi wa kitanda cha jirani alimsikia. Akageuza kichwa, macho yamemtoka. "Imenyesha?"

"Si tumeamshwa, Bibi?"

Bibi akavuta pumzi yake ndogo iliyokuwapo, akapiga kigelegele. Kilikuwa chembamba, kimekatika katikati. Lakini mtu wa mstari wa pili alikipokea, na wa mstari wa tatu akakipokea kwa huyo, na kikaenda hivyo, kitanda kwa kitanda, mpaka watu mia sita ambao hawakuweza hata kukaa wenyewe walikuwa wanapiga vigelegele mpaka mwamba ukavuma. Wanaume walilia. Mtu mmoja alikuwa anataja majina ya mashamba yake.

"Bado," akasema Eliwaza. Akajaribu tena, kwa ile sauti yake ya ukaguzi. "Jamani, bado! Nimekuja kuwauliza!"

Hakuna aliyemsikia. Nesia alimvuta karibu, akamwekea sikio mdomoni. "Unasemaje, Mama?"